Sheria ya telefone kazini: tuiandike pamoja

Karatasi moja ilibandikwa kwenye ukuta, pembeni ya mashine ya pointage, katika kampuni fulani ya huku kwetu Lualaba. Jina ya kampuni sitaitaja. Wenye wanafanya kazi mule wataijua bila mimi. Karatasi iko na mistari sita tu. Inasema ni marufuku kwa kila mufanyakazi kusema kitu chochote juu ya kampuni kwenye Facebook, WhatsApp, TikTok na mitandao mingine yote, na mwenye atafanya vile atafukuzwa. Chini kuko sahihi na muhuri. Imeandikwa kwa Kifaransa. Watu wanapita pale saa kumi na moja ya asubuhi, macho yangali na usingizi, wanaona muhuri, wanasema: « Wametufunga kinywa tena. » Kiisha wanapanda bisi.

Niko delege wa sendika tangu miaka mingi, na wengi wanatazamia niandike leo kwamba ile karatasi ichanwe. Sitaandika vile. Nitaandika neno lenye linaweza kukasirisha pande mbili: sheria juu ya telefone na mitandao tunaihitaji, na sisi wafanyakazi njo tunaihitaji zaidi kuliko wakubwa. Lakini mistari sita yenye mutu mumoja aliandika peke yake ofisini, ile hapana sheria. Ile ni woga wenye walipiga muhuri.

Video ya sekunde ishirini

Niwaelezee kwanza sababu gani ninasema hivi, na kosa yangu pia niitaje.

Miaka imepita, nilikuwa delege katika kampuni ingine. Kulikuwa kijana mumoja, fundi wa mashine, mutu wa kazi kabisa. Mara mbili alimwambia shefu wake kama freni za bisi ya ekipe ya usiku haziko muzuri. Alisema kwa kinywa, hakuandika. Usiku mumoja bisi iliteleza, ikaanguka upande ndani ya mufereji. Wane waliumia kidogo. Hakuna mutu alikufa, tumushukuru Mungu. Yule kijana alikuwa ndani. Alipotoka, alichukua telefone yake, akafanya video ya sekunde ishirini: bisi imelala, watu wamekaa chini, na sauti yake inasema: « Angalieni, tulisema juu ya hizi freni. » Akaiweka kwenye statu yake ya WhatsApp. Kiisha akaenda kusaidia wenzake.

Kulipopambazuka, ile video ilikuwa imefika katika grupe zote za muji. Lakini haikufika peke yake. Mutu mwenye hatujui mupaka leo aliandika chini yake: « Ajali ya bisi, watu kumi na wawili wamekufa. » Wamama walikimbia mupaka kwenye mulango wa kampuni, wengine bila viatu. Mama mumoja mwenye mimba alianguka pale, wakamupeleka hopitali. Kule Likasi, jamaa moja walikuwa wameisha kutoa viti inje kwa ajili ya matanga ya mutoto wao, na yule mutoto alikuwa hai, amelala nyumbani kwake, telefone yake imeisha moto.

Nini ilifuata? Kijana alipewa « demande d'explication ». Alijibu kwa ukweli: ndiyo, video ni yangu, hapana, yale maneno ya vifo sikuandika mimi. Siku chache nyuma, barua ilitoka: kosa kubwa, ile yenye wanaita « faute lourde », mukataba umekatika. Juu ya freni hakuna mutu aliuliza kitu.

Nilienda kumutetea. Niliingia na maneno mingi kichwani. Mukubwa wa wafanyakazi alinisikiliza, kiisha akafungua kabati yake, akatoa karatasi moja. Ilikuwa nota ya mwaka wenye kupita, yenye kukataza picha na video zote. Chini yake kulikuwa sahihi yangu: nimepokea. Niliisaini kwenye koridoo, mbio mbio, kati ya mukutano na mukutano, bila kuisoma mupaka mwisho, bila kuuliza tuikalie pamoja. Ile sahihi ilimaliza maneno yangu. Yule kijana leo anaendesha moto Lubumbashi. Tukikutana ananisalimia kwa heshima, ananiita yaya. Heshima yake inaniumiza kuliko matusi.

Tangu siku ile niliona mambo mawili. La kwanza: kijana alisema ukweli, lakini ukweli wa sekunde ishirini, wenye kutupwa inje bila maelezo, mikono ya wengine iliugeuza uongo, na uongo ule uliumiza wake na wamama zetu. La pili: kampuni iliazibu ukweli pamoja na uongo, kwa sababu hakukuwa sheria yenye kutenganisha hivi viwili. Kulikuwa tu marufuku.

Sheria ya inchi inasema nini

Wengine wanasema: « Sisi hatuna haki yoyote. » Si kweli. Wengine wanasema: « Telefone ni yangu, mega nimenunua na feza yangu, nitaandika kila kitu chenye ninapenda. » Ile pia si kweli.

Katiba ya inchi yetu ya 2006, katika artikele 23, inampa kila mutu haki ya kusema mawazo yake, lakini kwa kuheshimia sheria na utulivu wa watu wote. Artikele 31 inalinda maisha ya mutu ya kipekee na siri ya barua na telefone yake. Artikele 38 inakubali uhuru wa sendika, na 39 haki ya kugoma. Hizi haki haziachiwe kwenye mulango wa kampuni pamoja na nguo za nyumbani.

Kodi ya kazi ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ilibadilishwa kidogo mu 2016. Angalieni ule mwaka wa kwanza. Facebook ilizaliwa 2004. WhatsApp ilizaliwa 2009. Ni kusema kama wenye waliandika ile kodi hawakuwaza hata kidogo juu ya mufanyakazi mwenye kubeba kamera mufukoni. Artikele 62 inasema kama mutu hawezi kufukuzwa bila sababu ya kweli, na inataja mambo yenye haiwezi kuwa sababu: kuwa mutu wa sendika, ao kupeleka malalamiko juu ya bwana-kazi kwa wakubwa wa serikali wenye kuhusika. Musikie muzuri: mwenye anaenda kwa inspekta wa kazi, sheria inamukinga. Juu ya mwenye anaenda kwa Facebook, sheria haikutamuka kitu. Kati ya hizi njia mbili kuko shimo, na ndani ya lile shimo njo wenzetu wanaangukia.

Tena kuko kodi ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023. Artikele yake ya 360 inasema kama mutu mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mutu kwenye mitandao anaweza kupata kifungo cha mwezi mumoja mupaka miezi sita, na amande ya franka 500 000 mupaka 1 000 000, ao moja kati ya ile mbili. Neno « kupitisha » lisomwe mara mbili. Hata kama si wewe uliandika, ukiitumia wengine, umeingia. Wangapi kati yetu wanapitisha ujumbe mbele ya kuusoma mupaka mwisho?

Ya mwisho, na njo kubwa kwa leo: kodi ya kazi inaomba bwana-kazi aulize mawazo ya delege wa wafanyakazi juu ya sheria ya ndani ya kampuni, ile « règlement d'entreprise ». Kuuliza mawazo si kukuja na karatasi kwenye koridoo na kusema « saini hapa ». Mimi nilikubali vile siku moja, na mutu mwengine alilipa.

Fasi wakubwa wako na haki

Tuseme ukweli. Kuko mambo yenye kampuni inakataza na iko na haki ya kukataza.

Mutu mwenye anaendesha kamio kubwa ya karieri, yenye kubeba mawe ya tani mia moja, hawezi kuangalia telefone. Dakika moja ya kucheka na video inaweza kuponda pikope ndogo yenye watu watano ndani. Hapo hakuna mazungumuzo. Fasi ya baruti vilevile: kuko detonatere za umeme zenye zinaweza kuamushwa na mawimbi ya telefone ao ya radio. Kwa hiyo, wakisema telefone zibaki mbali na fasi ya kulipua mawe, si kiburi ya Wazungu wala ya Wachina, ni maisha yetu. Kwenye stoki ya esansi, ni vile vile.

Tena, picha ya kamio zenye zimejaa katode za shaba, zimepangwa tayari kwa kuondoka Kasumbalesa, na saa ya kuondoka imeandikwa chini: ile picha inawasaidia wezi wa njia. Siku wezi watasimamisha kamio, mwenye atapigwa ni shofere, mwenzetu. Hesabu za uzine, kadiri gani ya shaba na kobalti inatoka kwa mwezi, ni siri ya kazi, na tukisaini mukataba tulikubali kuishika.

Na wafu wetu. Mutu akikufa kazini, picha yake isizunguke. Hata kama tuko na hasira, hata kama kosa ni ya kampuni, hata kama tunataka dunia ione. Mama asijue kifo cha mutoto wake kupitia statu ya jirani. Kwetu mutu anatumwa, anafika nyumbani, wanamupa kiti, anaongea polepole. Ile desturi yetu isiuawe na telefone.

Fasi tunakataa

Lakini kukataza kila kitu, ile hapana. Na sababu yetu haikuzaliwa na intaneti.

Mu Desemba 1941, hapa Katanga, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mushahara. Hawakuwa na telefone, hawakuwa na sendika yenye sheria ya wakoloni ilitambua. Habari ilipita kinywa kwa kinywa, kambi kwa kambi. Tarehe 9, kule Élisabethville, waaskari walipiga risasi katika watu, na Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa jina la wenzake, aliuawa. Kwa hiyo mutu akituletea karatasi yenye kusema « kusema ni marufuku », ajue kama anagusa kidonda cha wazazi wetu.

Na tuangalie ya juzi juzi. Mu Machi 2023, kule Kivu ya Kusini, mugodi wa zahabu uliporomoka. Video ilionyesha watu tisa wanatoka mumoja mumoja ndani ya udongo, wakati mwenzao anafungua njia na mikono yake. Ile video ilizunguka dunia. Ilionyesha nguvu ya muchimbaji, na ilionyesha pia kama hakukuwa mashine wala ekipe ya kuokoa pale karibu. Kama kungekuwa marufuku ya kila picha, nani angejua?

Kwa hiyo tunakataa mambo mane. Tunakataa sheria yenye haitenganishi mwenye kuonya juu ya hatari na mwenye kutukana. Tunakataa mukubwa kukamata telefone ya mufanyakazi na kufungua ujumbe wake. Ile ni siri yenye Katiba inalinda. Tunakataa mufanyakazi kuazibiwa kwa maneno yenye bibi yake ao mutoto wake aliandika. Na tunakataa azabu moja kwa makosa yote: mutu mwenye alisema bukari ya kantini haikuiva hawezi kufukuzwa sawa na mutu mwenye aliuza siri ya uzine.

Mambo tunapendekeza

Hapa chini ni mapendekezo yangu. Kila sendika iyachukue, iyakate, iyaongeze.

1. Sheria iandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti katika mukutano wa ekipe, mbele ya kazi. Fasi wakubwa ni Wachina, iandikwe kwa Kichina pia, kwa sababu wao pia iwafunge. Mutu hawezi kuazibiwa kwa sheria yenye hakuielewa.

2. Itaje wazi fasi zenye telefone haiingie kabisa: ndani ya mashine yenye kutembea, fasi ya baruti, stoki ya esansi, na zingine zenye komite ya usalama itakubali. Kampuni iweke makabati yenye funguo, ili mutu aache telefone yake bila woga wa wizi. Na kuwe namba moja yenye jamaa wanaweza kuita wakati kuko shida nyumbani. Mama mwenye kuzaa asikose kumupata bwana yake kwa sababu ya sheria.

3. Mwenye kuona hatari aiseme kwanza ndani: kwa shefu, kwa delege, kwa komite ya usalama, na kwa maandishi. Ujumbe wa telefone ukubaliwe kuwa maandishi. Kampuni ijibu ndani ya saa zenye kupangwa. Sisi tunapendekeza saa 24 kwa hatari ya kawaida, na kusimamisha kazi palepale kwa hatari ya kifo. Picha ya hatari yenye mutu alitumia kwa delege ao kwa inspekta isihesabiwe kosa hata siku moja.

4. Kampuni ikikaa kimya, delege njo atatoka na ile habari kwa inspekta wa kazi, kwa jina la sendika. Hivi yule kijana wa freni hatabeba tena muzigo peke yake.

5. Hakuna picha ya mutu mwenye kuumia ao mwenye kufa. Kwa kila ajali, ndani ya saa moja, kampuni na sendika watoe pamoja ujumbe mufupi: nini ilitokea, wangapi wameumia, jamaa waende wapi kuuliza. Uongo unapanda fasi ukweli umechelewa. Kama wakubwa wangesema kitu usiku ule wa bisi, wamama hawangekimbia bila viatu.

6. Hakuna kutukana kabila, inchi ao dini ya mutu, kwa mufanyakazi na kwa mukubwa. Sisi watu wa Katanga tunajua. Mu 1992 na 1993, maneno ya chuki yalitangulia, mikono ikafuata. Jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikalala kwenye gare za Likasi na Kolwezi kungojea treni. Siku zile hakukuwa hata telefone moja mufukoni. Leo muwaze wenyewe.

7. Hakuna mufanyakazi atatangaza kazi kwa jina la kampuni. Wezi wanafungua ukurasa wa uongo, wanaweka picha ya kamio na kaske, wanaomba vijana dolare kwa ajili ya « dosie ». Kampuni iseme wazi kila mara kama kazi haiuzwe, na itaje njia moja tu ya kuomba kazi.

8. Azabu zipande ngazi kwa ngazi: kuonywa kwa kinywa, kuonywa kwa barua, kusimamishwa, na kufukuzwa kwa mwisho tu. Mbele ya kila azabu, mutu asikilizwe, na delege wake awe pembeni yake. Watafute kwanza nani aliandika nini, kwa sababu kapture ya ukurasa inaweza kutengenezwa na mutu mwenye wivu.

9. Sheria iguse wote: wa mukataba wa kampuni, wa sutretansi, wa siku moja, na wakubwa. Ndugu zetu wa sutretansi njo wanaogopa zaidi kusema, kwa sababu mukataba wao ni mufupi kama mukia wa mbuzi. Kama hii sheria haiwakingi, haikingi mutu.

Na sisi wenyewe?

Ndugu zangu, tusinyooshe kidole kwa wakubwa tu. Grupe zetu za sendika, tunazishika namna gani?

Katika grupe moja yenye niko ndani, asubuhi kuko sala, saa sita kuko video za kucheka, mangaribi mutu anatukana delege, usiku mutu anatuma vokale ya dakika saba yenye kusema mushahara utaongezwa mwezi kesho. Hakuna mwenye anauliza: nani alisema? Kesho yake tunaenda kwenye mazungumuzo na direksio, na wakubwa wameisha kusoma mupango wetu wote, kwa sababu kati ya watu mia mbili wa grupe kuko macho yao. Kiisha tunalia kama tumeuzwa. Tulijiuza wenyewe.

Kwa hiyo kila sendika iwe na grupe ya matangazo tu, fasi delege peke yao wanaandika. Mambo ya mazungumuzo yasemwe katika mukutano, uso kwa uso, sawa zamani. Na kila mutu mwenye kupokea habari ya ajali ajiulize mambo matatu mbele ya kubonyeza: nani aliona na macho yake? Ni ya leo ao ya zamani? Nikiituma, nani atalia? Kama hauna jibu, iachie kwako. Wazee walisema ulimi uliponza kichwa. Siku hizi kidole gumba kinamaliza kazi ya ulimi.

Tuanze na nini

Delege wenzangu, musiwe kama mimi nilivyokuwa. Nota ikikuja, andikeni juu yake « nimepokea kwa kusoma, si kwa kukubali », tarehe, sahihi. Siku ileile ombeni mukutano kwa barua, na kopi muiweke kwa inspekta wa kazi. Mukusanye ekipe zote, ya usiku pia, muulize watu: nini mulifanya na telefone, nini ilifanywa kwenu? Mulete mapendekezo yenye kuandikwa. Mukubwa mwenye kuona karatasi yenye kuandikwa muzuri mbele yake anajibu ingine, hata kama hataki. Na ile sheria ikiisha kukubaliwa, muirudilie kila mwaka, kwa sababu mitandao inabadilika mbio kuliko sisi.

Wakubwa wa kampuni, kama munasoma huu ukurasa: musiogope. Mufanyakazi mwenye anajua fasi ya kupeleka malalamiko yake, na anajua kama atajibiwa, haendi kuyatupa kwenye Facebook. Mwenye munamufunga kinywa mchana atasema usiku, na usiku hamutakuwa pale kwa kumusahihisha. Siku bisi ya freni mbaya itaanguka na kuua, hakuna mutu atakumbuka nota ya mistari sita. Wataulizwa kitu kimoja: mulionywa, mulifanya nini?

Na ninyi wamama na watoto wa wafanyakazi, hii sheria ni yenu pia. Bwana akirudi na hasira ya kazi, musimalizie hasira yake kwenye statu yenu. Picha ya baba na kaske yake ni muzuri, tuiweke, tujivunie. Lakini tuangalie nini inaonekana nyuma yake. Na siku mutasikia ajali, musikimbilie telefone kwanza. Mukimbilie kwa delege. Namba yake iandikwe nyumbani, pembeni ya mulango.

Ile karatasi ya mistari sita ingali ukutani. Wiki hii delege wa pale wameandika barua ya kuomba mukutano. Sijui watajibiwa nini. Lakini chini ya ile karatasi, mbele ya kusaini, walisoma kila mustari, na fasi ya sahihi waliandika maneno matatu: « Tunaomba tuikalie pamoja. »